Pole Zimefika

Ulimwona. Usijitie kusahau. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa sita, mwaka wa tisini na saba, saa nne asubuhi, na jua la Kariakoo lilikwisha kukolea. Alipita mbele yako Mtaa wa Kongo: mwanamke mfupi, mtu mzima, kanga zimepauka, ndara moja imekatika kamba na kufungwa kwa waya, anakwenda kwa zile hatua zake za haraka kama anayewahi mlango usifungwe. Wewe ulikuwa umeinama unachagua shati la mtumba. Ulimtupia jicho, ukasema moyoni, "Bi Mgeni huyo, katumwa," ukarudi kwenye kola ya shati. Hukuuliza katumwa na nani. Miaka yote ile hukuuliza. Basi leo utaambiwa, na ukitaka kugeuza uso tena, geuza, lakini ujue kwamba unageuza.

Mumewe alikata roho alfajiri ya siku hiyo, adhana ikiwa bado hewani. Mgeni alikuwa amemwinua kichwa amnyweshe uji wa mchele; kijiko kikarudi na uji wake. Akakaa nacho mkononi mpaka kukapambazuka, maana hakujua akiweke wapi.

Nyumba yao ya Mtaa wa Mchikichi ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Mwaka juzi tu kilio kimoja kingetosha kuvileta vyumba vyote mlangoni. Lakini nyumba ilikwisha kuuzwa. Tajiri aliyeinunua alitaka kusimamisha ghorofa saba. Wapangaji wakapewa notisi, wakatawanyika, huyu Mbagala, yule Tandika, mwingine hata kuaga hakuaga. Milango minne ilikwisha kung'olewa na kupakiwa kwenye gari. Walibaki Mgeni na mgonjwa wake chumba cha mbele, na Euphrasia chumba cha nyuma, mwanamke wa makamo aliyehamia miezi mitatu nyuma kutoka Mwanza na cherehani yake, akishona barazani.

Euphrasia ndiye aliyesikia ukimya. Alikuwa amezoea, kila asubuhi, mzee akikohoa na Mgeni akimjibu kana kwamba kikohozi ni maneno. Akaja akasimama mlangoni.

"Mama, vipi leo?"

"Amepumzika," alisema Mgeni.

Euphrasia akapiga ishara ya msalaba, kisha akauficha mkono kwa haya. "Tufanye nini, mama? Mimi taratibu zenu sizijui."

"Nenda msikitini. Yeyote utakayemkuta anatawadha mwambie kuna maiti Mchikichi, nyumba ya mlango wa buluu. Wanajua la kufanya."

Euphrasia alijitanda kitenge, akaenda kusimama nje ya geti la msikiti kama mtoto aliyetumwa ofisini, mpaka mzee mmoja akamwona. Wakaja wanaume watatu na ubao, ndoo na sanda. Watu wa heshima, hawakuuliza mengi. Mkubwa wao alisema, "Tutamswalia baada ya alasiri, tutampeleka makaburini Kisutu. Kwa jeneza usiwe na wasiwasi, mama. Mabega msikitini hayakosekani."

Kwa hiyo la wanaume lilikwisha. Lilibaki la wanawake. Ulibaki mkeka.

Anayejua anajua. Jeneza likishatoka, mjane hukaa mkekani na wenzake humzunguka. Na kuanzia hapo hatoki. Miezi minne na siku kumi yumo ndani, eda. Maji huletewa, sokoni huendewa, dawa huchukuliwa na mtu mwingine. Eda ya mwanamke hubebwa na miguu ya wanawake wengine. Mgeni alikuwa ameibeba ya watu wangapi! Na leo, akiwa hana mtoto aliyeishi, na dada yake pekee yuko Kilwa, alihitaji wanawake wa Kariakoo waje wakae, waangaliane, mmoja aseme: mimi maji, mwingine aseme: mimi soko. Hilo tu. Hakutaka kitu kingine duniani siku ile.

"Nitajie nyumba, niende mimi," alisema Euphrasia.

"Huijui milango."

"Si utanielekeza?"

"Bi Siti huingiliwa uani, ukipita mbele anakasirika wiki nzima. Mama wa kona ya Mkunguni ana moyo, yeye huanzi na jina, unaanza na afya. Habari ya msiba ina namna yake ya kupelekwa, mwanangu. Ukiitupa tu mlangoni, utazika wawili."

"Lakini wewe ndiye mfiwa! Hata kwetu mfiwa hatoki."

"Kwetu pia hatoki," alisema Mgeni, akijifunga kanga.

"Sasa?"

"Sasa nani?"

Euphrasia alitazama ule ukumbi wenye mashimo manne palipokuwa na milango.

*

Kutumwa ndiyo ilikuwa kazi ya Mgeni tangu usichana. Kabla ya uhuru, akiwa na miaka kumi na saba, alipeleka habari za mikutano ya Mnazi Mmoja mlango kwa mlango, maneno kichwani, karatasi hakuna, ili askari wakimsimamisha wasikute kitu. Waliohutubia wamepewa mitaa. Waliopeleka habari hawakupewa hata kichochoro. Baadaye alialika harusi. Zamani zile harusi ya Kariakoo haikuwa na kadi. Aliyealikwa kwa karatasi alisema hakualikwa. Ilikuwa lazima aje mtu, apige hodi, asalimu, aseme: Nimetumwa na fulani, anakusalimu sana, anasema hivi na hivi. Kwa mpangilio huo huo, bila kuongeza lake. Mgeni alikuwa hodari kwa sababu katika maneno yake hapakuwa na Mgeni. Kiswahili chetu hakina aibu hapo: aliyetumwa ni mtumwa.

Kwa Bi Siti, Mtaa wa Sikukuu, alipitia uani kama ilivyo desturi. Bi Siti alikuwa ameketi kitini, mguu mmoja juu ya stuli, mbele yake rundo la kadi zenye maandishi ya dhahabu. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi. Pembeni Selina, mpishi wake, mwanamke mzito wa miaka hamsini, alikuwa anamenya vitunguu saumu. Bi Siti huyu huyu, alipomwoza binti yake mwaka wa sabini na moja, Mgeni alitembea siku tatu kualika nyumba mia tatu, na hakuna hata moja iliyolalamika.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba. Afadhali umekuja, sasa hivi nilikuwa nakutaja. Si nilikuwa namtaja, Selina?"

"Ulikuwa unamtaja, bibi."

"Nimetumwa," alisema Mgeni.

Neno lilitoka lenyewe. Miaka arobaini lilikuwa la kwanza baada ya salamu, na kinywa hakikujua kuanza na jingine. Likishatoka, mengine yakalifuata kwa foleni yao: "Kuna msiba Mchikichi. Abdulswamad bin Mbaruku amefariki alfajiri ya leo. Maziko baada ya alasiri, Kisutu."

"Inna lillahi." Bi Siti alikuwa ameinua kadi kwenye mwanga anakagua herufi. "Abdulswamad... Abdulswamad... yule wa duka la vitenge?"

"Siye huyo. Wa Mchikichi."

"Kwani Mchikichi bado kuna watu? Nasikia wameuzwa na kuku wao!" Akacheka, Selina akacheka kidogo kwa adabu. "Haya, wape pole sana. Waambie ningekuja, ila mguu wenyewe ndio huu, na Jumamosi nina shughuli. Wafikishie, eh?"

Mgeni akafungua kinywa. Hapo ndipo palikuwa pa kusema: Bi Siti, ni mimi. Maneno mawili, ni mimi. Hayakutoka. Na Bi Siti alikwisha kuendelea.

"Sasa sikiliza. Huko unapita Mtaa wa Swahili, sivyo? Nipitie kwa fundi, gauni langu la Jumamosi liko tayari. Usilikunje, Mgeni. Lilaze mkononi hivi, kama mtoto."

"Haya," alisema Mgeni.

*

Unataka kusema hadithi hii ni ya uongo: mtu uliyekaa naye mtaa mmoja miaka thelathini utakosaje kulijua jina lake? Utakosa. Kariakoo nzima ilimjua mume wa Mgeni, ila ilimjua kwa jina la Punguza.

Alikuwa fundi wa mashine ya kufuma katika kiwanda cha nguo, miaka ishirini na miwili. Yakaja makontena ya mitumba, ikaja lugha mpya, soko huria, mwekezaji, ushindani. Mwaka wa tisini na mbili wakapangwa mstari, kila mmoja akapewa barua. Abdulswamad alirudi nayo, akakaa barazani, akamsomea kila aliyepita. "Tazama, hawajasema nimefukuzwa. Wamesema nimepunguzwa." Kwake hilo lilikuwa na tofauti kubwa. Watu walisikiliza mara ya kwanza, mara ya pili wakacheka, na mwezi haukuisha akawa Punguza. Wauza shati za mitumba walikuwa wakimwona wanaita, "Punguza, njoo nikupunguzie!" Alipopigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, kijana mmoja alisema nje ya dirisha kwamba mzee kapunguzwa tena, nusu nzima. Baraza likaangua kicheko. Mzee alikuwa macho. Akamwambia mkewe kwa nusu ya mdomo iliyobaki, "Wewe usiniite hivyo."

Hakumwita. Na leo, siku ya mwisho ya jina lake, hakuwa tayari kuliingiza lile la kejeli katika nyumba za watu. Leo aitwe alivyoitwa na baba yake. Kama ni kosa, hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

La pili lilikuwa miguu yake. Nani aliyewahi kuona mjane yuko njiani siku ya msiba wake? Kwa kuwa alikuwa anatembea, kila aliyemfungulia alijua kwa hakika kwamba msiba ni wa mtu mwingine.

*

Kutoka Sikukuu hadi Kongo, gauni alilolichukua kwa fundi limelala mkononi, alijifundisha njiani kama mtoto wa chuoni: Mume wangu amefariki. Mume wangu amefariki. Mbele ya duka la Nasma muuza mikanda mmoja alimwona midomo ikicheza.

"Bi Mgeni! Leo umetumwa na nani, Ikulu?"

Mwenzake akadakia, "Mwache, anahesabu milango. Huyu mama siku akifa atajipelekea habari mwenyewe!"

Wakagongeana viganja. Mgeni akapita.

Nasma alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, dukani kwake mna magauni na manukato ya Dubai, yeye mwenyewe amesimama juu ya stuli karibu na mlango, simu ya mkononi sikioni, mkono mwingine umeshika nondo za dirisha. Pale juu tu ndipo simu ilipokubali. Siku aliyozaliwa, Mgeni ndiye aliyekimbia mpaka mtaa wa Gerezani kumwambia baba yake, na kwa habari ile njema akapewa doti ya kanga.

"Halo! Halo! Limetoka bandarini au halijatoka? ... Shikamoo, bi Mgeni. Halo!"

"Marahaba, mwanangu."

Alisubiri. Wateja wawili waliingia, wakatoka. Nasma akashusha simu.

"Ehe, bi Mgeni, sema haraka, kontena linanitoa roho."

"Kuna msiba, Nasma."

"Masikini! Wa nani?"

"Abdulswamad bin Mbaruku. Mu..."

Simu ikalia. Nasma akapanda stuli. "Halo! Ehe, nakusikia!" Kisha akaiziba kwa kiganja, akainama: "Bi Mgeni, wape pole, sawa? Waambie Nasma yuko nao. Na kweli, siku hizi si mtu anapiga simu tu? Mnajichosha na jua bure." Akampa noti ya soda, na juu ya gauni la Bi Siti akaweka mfuko. "Hivi ni vitambaa vya Mama Manan, Kisutu. Pitisha, mpenzi. Halo!"

Baada ya hapo Mgeni hakujaribu tena. Kitu kilikuwa kimemkaa kifuani, kigumu kama kokwa. Akataka kuona. Milango iliyobaki alipiga hodi, akasalimu, akasema nimetumwa, akataja jina, akasimama kidogo kuliko desturi, amewakazia macho. Pengine mmoja atamtazama usoni. Pengine mmoja atasema, mbona macho mekundu, bi Mgeni?

"Tutakuja kesho, Mungu akipenda."

"Alikuwa anaumwa? Afadhali amepumzika. Wape pole."

"Sisi tunahamia Tabata wiki hii, tuombee radhi huko."

Mmoja wa Mtaa wa Pemba, mwanamke aliyekaa eda yake mwaka wa themanini na nane huku Mgeni akimletea maji kila kukicha, alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Ameacha mke?"

"Ameacha," alisema Mgeni.

"Masikini. Mpe pole mwenzangu. Mwambie avumilie, mimi nayajua hayo."

"Nitamwambia."

Milango ishirini na miwili. Mbali na hiyo, nyumba nyingine zilikuwa hazina tena mlango, zilikuwa mabati yaliyozungushwa na shimo la msingi ndani. Kwenye hizo pia alisimama kidogo.

*

Mama Manan, yaani Jasvanti, hakuwa katika hesabu ya milango yake. Mgeni alimpandia ngazi za ghorofa ya pili kwa sababu ya vitambaa vya Nasma tu. Alikuwa mjakazi wa hapa na pale kwa familia hiyo miaka mingi: kumchukulia nazi, kumpelekea Lalit, mumewe, chakula dukani, kulipia maji. Watoto wao wawili, Manan na Kajal, walikuwa wamehamia Kanada, na nyumba ilikuwa na viti vingi kuliko watu.

"Kaa kwanza, bibi Mgeni. Umelowa jasho."

"Mikono imejaa, Mama Manan."

"Basi kunywa umesimama." Akamletea maji katika bilauri. Yalikuwa maji ya kwanza Mgeni kupewa siku ile. Jasvanti akapokea mfuko, asiufungue, akamtazama. "Na mzee wako? Hajambo?"

Swali alilolitafuta milango ishirini na miwili, akalikuta hapa, mahali ambapo hakuja kulitafuta. Akameza maji yaliyobaki.

"Amepumzika," alisema.

"Ah, vizuri. Mgonjwa akipumzika anapata nguvu." Jasvanti akaingia jikoni, akarudi na kopo la vitamutamu vya maziwa. "Mpe hivi. Laini, havihitaji meno. Mwambie mimi nimemtengenezea."

Mgeni akalipokea kopo kwa mikono miwili, kama inavyopasa, gauni likining'inia kwenye kiwiko.

"Ahsante. Nitamfikishia."

*

Saa nane alikuwa nyumbani. Euphrasia alikuwa amefagia ukumbi, akatandika mikeka mitatu, miwili ya msikiti na mmoja wake, akachemsha sufuria kubwa la chai. Vikombe vilikuwa sita. Vingine alikwenda kuomba kwa mama lishe wa kona. Alipomwona Mgeni anaingia akachungulia nyuma yake, barazani, barabarani.

"Watu wako wapi, mama?"

"Wametuma pole."

"Pole?" Euphrasia hakuelewa. "Ziko wapi?"

Mgeni alilaza gauni juu ya cherehani, akaweka kopo. Akaketi katikati ya mkeka wa kati, akanyoosha miguu, akajipanga kanga. Kisha akaanza, kwa sauti ile ile ya kazini, macho mbele kama kuna mtu ameketi pale.

"Bi Siti anakupa pole sana. Anasema angekuja, ila mguu wenyewe ndio huo, na Jumamosi ana shughuli. Nasma anakupa pole, anasema yuko nanyi. Mama wa kona ya Mkunguni anakupa pole, atakuja kesho Mungu akipenda. Yule wa Pemba anasema uvumilie, yeye anayajua hayo..."

Euphrasia alidhani akili imemruka. Akataka kukimbia nje kuita mtu, akakumbuka hakuna wa kuitwa. Basi akapiga magoti mkekani, akamshika miguu yenye vumbi, na kila pole iliyotajwa akaijibu yeye, maana aliona haifai salamu ikae bila kupokewa.

"Ahsante. Imefika."

"Na wale wanaohamia Tabata wanaomba radhi."

"Ahsante. Imefika."

Ishirini na mbili. Hakusahau hata moja. Hakuwahi kusahau maneno ya mtu.

Muda wa alasiri ulipokaribia walikuja wanaume wa msikitini. Abdulswamad akatoka mlango wa buluu begani mwa watu ambao hawakupata kumwita kwa jina lolote. Mtaani muuza mikanda alisimama kwa heshima, akamuuliza mwenzake, "Nani huyo?" na mwenzake akabetua mabega. Tahalili ikafifia upande wa Mnazi Mmoja. Mgeni akavua ndara zake, ile nzima na ile ya waya, akazisukuma mvunguni. Basi. Eda ilikuwa imeanza.

Wakakaa wawili, mikeka mitatu.

Kwanza alikuja Jasvanti. Walimsikia anahema barazani kabla ya kumwona. Alikuwa amevaa sari nyeupe tupu, vazi la msiba kwao, na nywele zimelowa. Alisimama kizingitini hajui kama anaruhusiwa.

"Bibi Mgeni. Mimi nimemwambia Lalit, mzee wa Mgeni amepumzika, nimempelekea vitamutamu. Lalit akaniacha nimalize. Akaniambia, Jasvanti, miaka yote husikii matangazo ya vifo redioni? Amepumzika!" Akajipiga paji la uso. "Mimi nimezaliwa mji huu. Nimempelekea maiti vitamutamu."

"Pita, Mama Manan," alisema Mgeni. "Wewe ndiye uliyeuliza."

Jasvanti akaketi ukingoni mwa mkeka, kwa taabu ya magoti yake. Euphrasia akafungua lile kopo, akampa kila mmoja kipande kimoja, wakala taratibu, kwa sababu vilikuwa vya mtu na hakuwepo wa kuvila.

Hapo ndipo Selina, mpishi wa Bi Siti, alipopiga hodi.

"Karibu."

"Nimetumwa," alisema Selina mlangoni. "Bibi anauliza gauni, amesubiri tangu..." Akaona mikeka. Akaona ndoo za watu wa msikiti zimefudikizwa uani, kitanda kitupu chumbani, na Mgeni ameketi pekupeku amejitanda kanga nyeupe. Mkono ukaenda mdomoni. "Bi Mgeni! Ni Punguza?"

"Ni Abdulswamad."

"Yule wa asubuhi... uliposema..." Selina akaegemea mlango wa buluu. "Nikacheka. Mimi nilicheka pale, bi Mgeni."

"Ulicheka kicheko cha adabu. Najua kile kicheko, na mimi nimekicheka sana. Gauni hilo hapo. Mwambie halijakunjwa. Nililibeba kama mtoto."

Selina akalichukua, akasimama nalo. "Nimwambie nini, dada?"

Mgeni akafikiri. Miaka hamsini na saba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumtuma mtu neno lenye Mgeni ndani yake.

"Mwambie pole zake zimefika," alisema. "Nimezipokea mwenyewe."

*

Selina alifikisha, neno kwa neno. Bi Siti akaushusha mguu kutoka kwenye stuli, akaupandisha tena. Kisha akasema, "Lakini na yeye! Mjane gani anazunguka mjini na msiba wake begani? Ametuaibisha." Jioni hiyo hiyo maneno hayo yalikwisha kufika Kongo, kwa simu. Kesho yake Bi Siti alituma mchele, na Nasma alituma sukari. Walituma. Siku ya tatu wote walikuwa wanajua ni nani aliyekufa, na wote walikuwa wanaona haya kuja, na haya yao wakaiita shughuli.

Hivi ndivyo ilivyo leo, wiki mbili baadaye. Bomba la Mtaa wa Mchikichi halitoi maji, bomba linalotoa liko mtaa wa pili, na Euphrasia anachota kabla ya kukaa kwenye cherehani na baada ya kuinuka. Selina hupita akitumwa sokoni, anaiba dakika kumi. Jasvanti huja Jumanne, magoti yakikubali. Tajiri wa ghorofa saba amemtuma mtu kuuliza hiyo eda inaisha lini, kwa sababu tingatinga limekodiwa. Imebaki miezi mitatu na siku ishirini na sita.

Na wewe uliyekuwa unachagua shati, usiniambie umesikitika. Usiniambie wape pole. Una mtu unayemtuma. Yupo: anakuletea samaki kutoka Feri, anakupangia foleni Posta, anakubebea habari zako na mizigo yako, na leo asubuhi umemwambia ukirudi nipitie pale. Hujui mumewe anaitwaje. Hujui kama yu hai. Weka chini ulichoshika. Simama. Toka uende kwake, umtazame usoni, umuulize jina la mtu wake na ungoje mpaka ajibu. Kisha chukua ndoo, uulize njia ya Mchikichi, nyumba ya mlango wa buluu, kabla haijabomolewa.

Sasa hivi. Na usimtume mtu. Nenda mwenyewe.